Mtoto Hajambo, na Mama Je?

Siku ya kliniki katika zahanati za Kisii na Nyamira ina utaratibu wake. Akina mama hufika mapema, wengine kwa miguu kutoka mabondeni, wengine wawili wawili juu ya bodaboda, watoto wamefunikwa shali kwa sababu asubuhi za Gusii zina baridi. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto hutolewa mkobani. Mtoto huvuliwa nguo, hutundikwa kwenye mizani, kilo zake huandikwa na nukta huwekwa kwenye chati ya ukuaji. Kisha huja chanjo ya wiki sita, kilio kifupi, titi, na tarehe ya kurudi. Muuguzi huuliza kama mtoto ananyonya, kama anaharisha, kama analala. Mama hujibu yote. Halafu humfunga mtoto mgongoni na kuondoka, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza neno moja juu yake mwenyewe.

Nyumbani ni vivyo hivyo. Majirani wanaokuja kumwona mtoto huleta unga wa wimbi, sukari, sabuni na fungu la mboga ya chinsaga. Humpokea mtoto, humtafutia sura ya babu yake, humwombea. Mama huambiwa ale ashibe ili maziwa yatoke. Hata chakula chake ni kwa ajili ya mtoto.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea asilimia 15.6 ya wanawake hupata tatizo la afya ya akili wakiwa wajawazito, na asilimia 19.8 baada ya kujifungua. Mara nyingi tatizo hilo ni sonona. Ni karibu mwanamke mmoja kati ya watano. Kwenye benchi la kliniki lenye akina mama kumi, hesabu hiyo inawagusa wawili, na huenda hakuna kati yao aliyewahi kuambiwa kwamba kinachomsumbua ni ugonjwa, na kwamba una tiba.

Chukua mfano wa Nyanchwa, kilima kinachoutazama mji wa Kisii, mahali ambapo Waadventista Wasabato walijenga kanisa, shule na chuo cha ualimu. Mama anayeishi hapo yuko karibu na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii kuliko mwenzake wa Nyamache au Borabu. Lakini ukaribu wa hospitali haumsaidii mtu asiyejua kwamba ni mgonjwa, wala haumsaidii asiyekuwa na mtu wa kumwachia mtoto mkubwa ili aende.

Maisha yanayomzunguka ni ya kubanana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira, na Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba. Shamba ambalo babu aliwagawia wanawe limegawanywa tena kwa wajukuu, hata familia nyingi zimebaki na kipande chenye migomba michache, sukuma wiki na safu kadhaa za majani chai. Anayetaka pesa huchuma chai ya jirani na kulipwa kwa kilo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwanamke aliyeajiriwa miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye malipo, lakini mchuma chai wa kibarua hana ofisi ya kuidai likizo hiyo. Asipoinama shambani siku hiyo, hakuna kilo, na pasipo kilo hakuna unga. Wengi hurudi kazini mwili haujapoa.

Zamani alikuwepo wa kumsaidia. Kati ya 1974 na 1976 kundi la watafiti lililoongozwa na Robert LeVine wa Chuo Kikuu cha Harvard lilifuatilia akina mama wa Kigusii na watoto wao wachanga, na matokeo yalitoka 1994 katika kitabu Child Care and Culture. Waliona akina mama waliokimbilia kumtuliza mtoto mara tu alipolia, walionyonyesha mchana na usiku, waliolala na watoto wao. Waliona pia omoreri, yule mlezi mdogo, mara nyingi msichana wa miaka sita hadi kumi hivi, dada au binamu, aliyembeba mchanga mgongoni mama alipokuwa akilima.

Siku hizi omoreri yuko darasani. Tangu Januari 2003, elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bila malipo katika shule za umma, maelfu ya wasichana waliacha kazi ya ulezi wakaingia shuleni, na hakuna mtu mwenye busara atakayetaka kuwarudisha. Kilichosahaulika ni kwamba pengo lao halikujazwa. Mume yuko Nairobi au Kericho akitafuta. Watoto wakubwa hurudi saa kumi jioni. Tangu alfajiri hadi wakati huo mama yuko peke yake na mchanga, ng'ombe, kuni, maji na shamba. Asemaye kwamba wanawake wa zamani walizaa watoto wanane na hawakulalamika anapaswa kukumbuka kwamba walikuwa na mikono mingi zaidi nyumbani, na pia kwamba hakuna aliyeandika vilio vyao.

Kuna pia suala la adabu. Katika mila za Abagusii, heshima iitwayo chinsoni hutenganisha vizazi viwili vinavyofuatana. Mambo ya mwili na ya kitanda hayatajwi kati ya mzazi na mwanawe, wala kati ya mkwe na mkaza mwana. Heshima hiyo imelinda nyumba nyingi, lakini humwacha mke kijana mahali pagumu: anaishi katika boma lenye watu tele, na wengi wao ni watu ambao hawezi kuwaambia kwamba hatamani kuamka asubuhi. Lakini mila hiyohiyo imeacha mlango. Kizazi cha babu na bibi na kile cha wajukuu huruhusiwa kutaniana na kusemezana kwa uhuru. Magokoro, bibi wa boma, anaweza kuuliza asichoweza kuuliza mama mkwe. Familia inayomhofia mkaza mwana wao na haijui ianzie wapi, imtume magokoro.

Lakini aulize nini, na ataujuaje ugonjwa?

Siku chache za kwanza zina machozi yake. Kuanzia siku ya tatu hivi baada ya kujifungua, wanawake wengi hulia bila sababu, hukasirika kwa jambo dogo, huogopa kwamba hawataweza kulea. Homoni zimeshuka ghafla, usingizi umekatika, maziwa yanajaa kwa maumivu. Hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili, na tiba yake ni usingizi, chakula na maneno mema. Haihitaji dawa.

Sonona ni kitu kingine. Hupita hizo wiki mbili na kuendelea, au huanza miezi kadhaa baadaye wakati majirani wameshaacha kuja. Pengine ilianza mama akiwa bado mjamzito. Mama huwa mchovu hata baada ya kulala, au halali hata mtoto akilala. Chakula hakina ladha. Vitu alivyovipenda, kwaya, soko la Daraja Mbili, mazungumzo ya jioni, havimvuti tena. Anajiona hafai, anaamini mtoto angepata mama bora kuliko yeye. Wengine humwogopa mtoto. Wengine humhudumia kwa uangalifu mkubwa, wamuogeshe, wamlishe, huku ndani hawahisi chochote, na kwa sababu mtoto ni msafi na amenenepa hakuna anayeshuku.

Ni wachache watakaosema wana huzuni. Husema kichwa kinauma kila siku, mgongo umekatika, moyo unapiga mbio, "nina mawazo mengi". Watafiti waliofanya kazi Bungoma na kuchapisha matokeo yao 2018 walilijali sana jambo hili: walitengeneza dodoso la kutambua sonona ya wajawazito na waliojifungua kwa kuchanganya vigezo vya kitabibu na maneno ambayo wanawake wa huko huyatumia wenyewe. Ni njia inayostahili kufuatwa Gusii pia, kwa Ekegusii cha kweli cha jikoni. Maana muuguzi anayemsikia mama akilalamikia kichwa kwa mara ya tatu, akampa panadol kwa mara ya tatu, huenda amepishana na ugonjwa wenyewe mlangoni.

Tahadhari moja hapa: mwili nao uchunguzwe. Upungufu wa damu baada ya kujifungua, malaria, maambukizi ya kizazi au matatizo ya tezi ya shingo huweza kumchosha mtu na kumvunja moyo vivyo hivyo. Kupima damu ni hatua ya kwanza. Chinsaga na uji wa wimbi ni chakula bora kwa aliyejifungua, ila havichukui nafasi ya kipimo cha hemoglobini na vidonge vya madini ya chuma.

Kuuliza kwenyewe si kazi ya daktari pekee. Kuna maswali mawili yanayotumika katika huduma za wajawazito na waliojifungua nchini Uingereza, na yanaweza kuulizwa na yeyote mwenye utulivu. Mwezi huu uliopita, umekuwa ukisumbuliwa mara kwa mara na huzuni, kuvunjika moyo au kukata tamaa? Mwezi huu uliopita, umekuwa ukikosa hamu au raha ya kufanya mambo? Akijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, mazungumzo yaendelee na safari ya kituo cha afya ipangwe. Wauguzi wana vifaa virefu zaidi, kama lile dodoso la Edinburgh la maswali kumi lililochapishwa 1987, linalouliza juu ya siku saba zilizopita na kumalizia kwa swali la mawazo ya kujidhuru.

Mahali pa kuuliza pana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mbele ya mume, mbele ya mama mkwe, au katika chumba cha kliniki chenye foleni mlangoni, jibu litakuwa "niko sawa". Wakati mzuri ni ule mikono ina kazi. Wanawake wawili wameketi jikoni na kikapu cha chinsaga katikati, wakichambua majani na kutupa mabua, macho yakiwa kwenye mboga. Hapo mtu anaweza kusema: "Mama Moraa, mtoto nimemwona ni mzima. Wewe mwenyewe uko aje? Usiku unalala?" Kisha anyamaze. Kunyamaza huko ndiko kugumu. Mara nyingi muulizaji hukimbilia kujaza kimya kwa "lakini tumshukuru Mungu", na mama aliyekuwa karibu kufungua kinywa hukifunga tena.

Yapo maneno ya kuepuka kabisa. "Wenzako wanatafuta watoto hawapati" humwongezea mgonjwa hatia juu ya uchungu. "Jikaze" humwambia kwamba kosa ni lake. Bora ni: "Nimesikia. Hali hii huwapata wengi, na inatibika. Kesho nitakusindikiza." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi, kwa sababu sonona humnyang'anya mtu nguvu za kupanga hata safari ya kilomita mbili.

Na iwapo kuna shaka kwamba anafikiria kujiua, aulizwe waziwazi. Wengi huogopa kwamba swali litampandikizia wazo. Halimpandikizii, humpa nafasi ya kutua mzigo aliokuwa akiubeba peke yake. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, dawa za mifugo na za kupulizia mazao ziondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Familia nyingi zilikuwa zikificha majaribio ya kujiua kwa kuogopa polisi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kiliyahesabu kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Asiwepo tena wa kumficha mgonjwa kwa ajili hiyo.

Upo ugonjwa mwingine, wa nadra, unaohitaji mwendo wa dharura. Katika kila wanawake 1,000 wanaojifungua, mmoja au wawili hupatwa na wazimu wa uzazi, kwa kawaida ndani ya wiki mbili za mwanzo. Unakuja kwa kasi. Mama halali kabisa siku mbili tatu na wala haonekani kuchoka, anaongea bila kukoma au ananyamaza ghafla, anasikia sauti, anaamini mtoto amebadilishwa au kwamba jirani anataka kumla. Saa moja yuko sawa, saa nyingine hamtambui mumewe. Hapa hakuna kungoja Jumatatu. Ni hospitali ya rufaa, Kisii au Nyamira, usiku uleule, mtoto akiwa mikononi mwa mtu mwingine wakati wote. Akitibiwa mapema, mama wa namna hii kwa kawaida hupona na kumlea mwanawe.

Asipopelekwa hospitali, boma hutafuta maelezo kwingine, na Gusii inajua gharama ya maelezo hayo. Mei 2008 watu kumi na mmoja walioshukiwa kuwa wachawi waliuawa kwa kuchomwa moto katika eneo la Kisii. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani kwa shutuma hizohizo, baada ya habari kuenea kwamba mwanafunzi mmoja wa kiume alipatikana hawezi kuzungumza. Ugonjwa usioeleweka ulitafutiwa mtu wa kulaumiwa, na aliyeonekana kufaa alikuwa mwanamke mzee. Mkaza mwana anayeona vitu usiku wa nne baada ya kujifungua, akalitaja jina la mama mkwe au la bibi jirani katika payo lake, anaweza kuanzisha mauaji bila kujua alichosema. Kila chifu, kila mzee wa kanisa na kila mwalimu wa Kisii na Nyamira angepaswa kujua kwamba wazimu wa uzazi ni ugonjwa wa ubongo unaoletwa na mabadiliko ya mwili, na kwamba maneno ya mgonjwa huyo si ushahidi dhidi ya mtu. Ujuzi huo huokoa maisha ya mama, ya mtoto, na ya bibi kizee wa nyumba ya pili.

Sheria yenyewe inautambua ugonjwa huu, japo kwa kuchelewa. Kifungu cha 210 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mama akisababisha kifo cha mtoto wake aliye chini ya miezi kumi na miwili huku akili yake ikiwa imevurugika kwa sababu ya kujifungua au kunyonyesha, kosa si la mauaji ya kukusudia. Huadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Sheria huja kitu kimeshaharibika. Nyumba ndiyo yenye nafasi ya kuzuia.

Nyumbani, dawa ya kwanza ni usingizi, na inawezekana hata pasipo shilingi. Mama mwenye sonona anahitaji saa nne au tano za kulala mfululizo, angalau usiku kadhaa kwa wiki. Hilo lina maana kwamba mtu mwingine ampokee mtoto akishanyonya saa tatu usiku, amlaze, ambadilishe nepi, na amlete tu akitaka kunyonya tena. Mtu huyo anaweza kuwa mume. Hakuna mila inayoanguka mwanamume akimbeba mwanawe usiku mlango ukiwa umefungwa. Mchana, kazi nzito ya maji na kuni ihamie kwa wengine kwa wiki sita, na ugawaji huo utangazwe na baba wa nyumba, si kuombwa na mke. Akiuomba mwenyewe ataitwa mvivu.

Mume aliye mbali ana kazi yake. Apige simu aongee na mkewe, na asiishie kwa "mtoto anaendeleaje?" Pesa za M-Pesa za chakula cha mzazi azitume kwenye simu ya mzazi mwenyewe. Wapo akina mama wengi ambao kila shilingi huwafikia kupitia mkono wa pili, na kuomba nauli ya kwenda kliniki kumekuwa kesi ya boma zima. Kadhalika ajichunguze: baba wapya nao hupata sonona, na wa kijijini mara nyingi huifunika kwa pombe.

Penye kipigo, ushauri wa kulala na kula hautoshi. Ukatili wa mume ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa sana na sonona ya uzazi, pamoja na njaa, mimba isiyotakiwa, kufiwa na mtoto wa awali na kuwahi kuugua sonona kabla. Namba ya simu 1195 hupokea taarifa za ukatili wa kijinsia bila malipo. Anayempa mama ushauri asimwambie arudi akavumilie kabla ya kujua kama nyumba ina usalama.

Msichana wa miaka kumi na sita aliyezaa akiwa shuleni anastahili macho ya pekee. Nyumbani amekuwa aibu, shuleni amekuwa mfano mbaya, na baba wa mtoto hajulikani aliko. Serikali ya Kenya inaruhusu msichana kurudi shuleni baada ya kujifungua, na miongozo ya 2020 inaeleza utaratibu. Mzazi aende mwenyewe kwa mwalimu mkuu akaulize tarehe ya kurudi. Kwa msichana huyo, tarehe iliyoandikwa ina nguvu ya dawa.

Je, tiba ipo kwa maskini wa kijijini? Ipo, na ushahidi umetoka kwa maskini wenzake. Katika vijiji vya Rawalpindi, Pakistan, Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wanawake wa kawaida wanaofanya kazi ya afya vijijini namna ya kuzungumza na wajawazito wenye sonona, nyumba kwa nyumba, juu ya afya yao, mtoto wao na watu wao. Hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Matokeo yalichapishwa 2008: miezi sita baada ya kujifungua, asilimia 23 ya waliotembelewa kwa namna hiyo ndio waliokuwa bado na sonona, ilhali katika kundi lililotembelewa bila mafunzo hayo walikuwa asilimia 53. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa mpango huo ili nchi nyingine ziutumie.

Karibu zaidi, katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, Paul Bolton na wenzake walijaribu tiba ya mazungumzo ya kikundi: watu wa kijiji kimoja, wanawake peke yao na wanaume peke yao, walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16 wakiongozwa na mwenyeji aliyepewa mafunzo mafupi. Matokeo ya 2003 yalionyesha sonona ilipungua kwa kiwango kikubwa kuliko katika vijiji vilivyokuwa bado havijapata tiba hiyo. Gusii haina haja ya kuagiza kikundi kutoka nje. Kuna egesangio, zamu ya majirani kulimiana; kuna vyama vya mzunguko wa pesa; kuna Dorkasi, akina mama wa huduma makanisani. Chama cha wanawake wanane wanaokutana kila Jumanne tayari kina kiti, saa na siri. Kinachokosekana ni mtu mmoja aliyefundishwa, na nusu saa ya ajenda.

Wa kufundishwa yupo pia. Septemba 2023 serikali ilizindua zaidi ya wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii kote nchini, wenye mikoba ya vifaa, kila mmoja akipangiwa nyumba 100 hivi. Mhamasishaji huingia hata boma ambalo daktari hataliona kamwe. Akiongeza yale maswali mawili katika ziara yake kwa aliyejifungua, na akajua jina la muuguzi wa kumpelekea mgonjwa, kazi kubwa imefanyika. Ila atunze siri. Mhamasishaji anayesimulia kisimani alichosikia nyumbani kwa mtu amefunga milango mingine 99.

Kanisa lina nafasi kubwa Nyanchwa, na litumie nafasi hiyo vizuri. Ijumaa alasiri, kabla jua halijatua, nyumba za Wasabato hufagiliwa, nguo hupigwa pasi na chakula cha kesho hupikwa. Kwa mama mwenye mchanga wa wiki tatu hiyo ndiyo siku ndefu kuliko zote. Dorkasi wakifika saa nane mchana siku hiyo, wakapika na kufua, watakuwa wamefanya tiba. Mchungaji naye akisema madhabahuni kwamba mgonjwa wa akili aombewe na pia apelekwe hospitali, ataondoa mzigo ambao waumini wengi wanaubeba kimya, wakidhani kumeza dawa ya sonona ni kukosa imani.

Dawa zenyewe zinaogopwa kupita kiasi. Sonona nyepesi mara nyingi hutulizwa kwa mazungumzo na msaada wa nyumbani. Ile nzito huhitaji vidonge, na vipo vinavyofaa kwa anayenyonyesha. Sertralini, kwa mfano, hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana. Mama amwambie daktari kwamba ananyonyesha na asiache dawa ghafla akijisikia nafuu. Huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya nafuu kuonekana, na hapo ndipo wengi huzitupa wakisema hazifanyi kazi. Jirani mwenye kumtakia mema amuulize tu kila asubuhi kama amemeza.

Kwa kaunti zote mbili kuna ombi moja ambalo halihitaji jengo wala bajeti kubwa. Watoto hurudi kuchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na akina mama huwaleta kwa uaminifu. Muuguzi anapomaliza kumpima mtoto, amgeukie mama, amuulize maswali yale mawili na ayaandike majibu katika kijitabu hichohicho cha afya ya mama na mtoto, ili wa zamu inayofuata aone na afuatilie. Jopo la taifa la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Dharura hiyo inaweza kuanza kushughulikiwa kwenye mizani ya kliniki ya Jumanne.

Na msomaji aliye na dada, mke, mkaza mwana au jirani aliyejifungua mwaka huu, amtembelee wiki hii, aketi naye, aulize. Akiona hali imemzidi, hospitali za rufaa za Kisii na Nyamira ziko wazi usiku na mchana, na simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, hupigwa bure.